Mama, Sisi Tulikuwa Nyani?

Kwa kawaida katika ukurasa huu tunazungumza juu ya chanjo, lishe, uzazi na magonjwa ya watoto. Mwezi huu nawaomba mnivumilie, maana nyumbani kwangu limeulizwa swali ambalo halimo katika daftari la kliniki. Hata hivyo, kadiri nilivyolifikiria niliona kwamba linagusa kazi yangu ya wodini, na linamhusu kila mama mwenye mtoto shuleni.

SWALI LA JIKONI

Binti yangu yuko kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Alipokuja likizo, jioni moja tulikuwa jikoni tukichambua maharage, mimi, yeye na mama mkwe wangu. Ghafla akauliza, "Mama, hivi ni kweli sisi tulikuwa nyani?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi yake akagonga mwiko kwenye sufuria. "Maneno hayo yasisikike tena ndani ya nyumba hii! Wewe mtoto umebatizwa." Binti akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, kwa kuwa sikutaka kubishana na mama mkwe mbele ya mjukuu wake.

Usiku nilimfuata chumbani nikamwambia, "Mwanangu, uliuliza swali nami sikukujibu. Niambie, lilitoka wapi?" Hapo akaanza kulia. Akanieleza kwamba darasani kwao yuko msichana Mhadzabe kutoka bonde la Yaeda. Siku walipofundishwa juu ya chimbuko la binadamu, wakati wa mapumziko wanafunzi walianza kumcheka msichana huyo. Walimwambia kwamba wao wamekwisha kuwa watu, lakini yeye bado yuko njiani. Wakamwita nyani.

"Na wewe ulisema nini?" nikamuuliza.

"Nilicheka, mama."

Tangu siku ile msichana yule anakula peke yake. Amewaambia wenzake kwamba akienda likizo hatarudi tena shuleni.

Akina mama, usiku ule sikulala vizuri. Niliona makosa mawili. Watoto walisikia somo nusu, wakaligeuza fimbo ya kumpigia mwenzao. Na sisi wazazi, tulipoulizwa, tukamfunga mtoto mdomo. Kama nisingemfuata chumbani, angerudi shuleni na dhambi yake moyoni na kosa lile lile kichwani. Kwa hiyo nilikwenda kuzungumza na walimu ninaofahamiana nao, nikasoma, na haya ndiyo niliyomweleza binti yangu.

JE, WATAALAMU WANASEMA TULIKUWA NYANI?

Hapana. Hawasemi kwamba huyu nyani anayetuibia mahindi shambani siku moja aligeuka akawa mtu. Wanasema kwamba mwanadamu na sokwe wana wahenga wamoja walioishi yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita, kisha koo zikaachana, kila mmoja akaenda njia yake.

Fikiria habari ya mabinamu. Wewe hukuzaliwa na binamu yako, wala yeye hakuzaliwa na wewe, ila mna bibi mmoja. Ndivyo ilivyo hapa. Sokwe ni binamu wa karibu. Nyani na tumbili ni binamu wa mbali. Komba, yule mdogo mwenye macho makubwa anayelia usiku mitini, ni wa mbali zaidi.

Ushahidi mwingi wa safari hii umetoka katika ardhi ya nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Katika bonde la Rukwa yamepatikana mabaki ya wanyama wawili wa miaka ipatayo milioni 25 iliyopita, mmoja wa ukoo wa nyani na tumbili, mwingine wa ukoo wa sokwe. Habari zao zilitangazwa mwaka 2013. Katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria upande wa Kenya, mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu la mnyama wa miaka ipatayo milioni 18, ambaye wakati ule aliitwa Proconsul.

Mama huyo huyo, tarehe 17 Julai 1959, aliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai. Jina hilo wengi wetu tulilikariri shuleni. Aliishi yapata miaka milioni 1.75 iliyopita, na magego yake yalikuwa makubwa ajabu. Siku hizi wataalamu humwita Paranthropus, na humhesabu kuwa ni tawi lililokauka, si babu yetu hasa. Mwaka 1960, hapo hapo Olduvai, ilianza kupatikana mifupa ya zamadamu mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi. Huyo alipewa jina la Homo habilis mwaka 1964. Ama watu wa jinsi yetu wenyewe, mabaki ya zamani zaidi yanayojulikana ni ya miaka ipatayo 300,000, nayo yalipatikana Moroko.

Sasa mama, tafadhali sikiliza neno hili, kwa maana ndilo jibu la yule msichana wa Yaeda. Watu wote walio hai leo ni wa jinsi moja tu. Mwiraqw, Mhadzabe, Mdatoga, Mchaga, Mzungu na Mchina wote wametoka katika wahenga wale wale, na wote wamesafiri miaka ile ile. Hakuna kabila lililobaki njiani. Kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali ni njia ya kutafuta riziki, kama vile kulima na kufuga. Si alama ya mwili ambao haujakamilika.

Hospitalini jambo hili tunaliona kila siku. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, tunapima kundi la damu yake, tunatafuta inayolingana, tunamwekea. Damu ya Mhadzabe inamponya Mwiraqw, na damu ya Mwiraqw inamponya Mhadzabe. Sijapata kuona chupa iliyoandikwa kabila.

NYAYO ZA JIRANI ZETU

Ng'ambo ya Ziwa Eyasi, mahali ambapo kwa mstari ulionyooka hapafiki kilometa 100 kutoka Mbulu mjini, pako Laetoli. Zamani sana volkano ilimwaga majivu pale. Mvua ikanyesha juu yake, majivu yakawa kama saruji mbichi, na wanyama wakapita: tembo, twiga, sungura, hata kanga. Kisha majivu yakakauka na kufunikwa na majivu mengine.

Nyayo za wanyama ziligunduliwa mwaka 1976. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey likapata na nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Ni nyayo zipatazo 70 katika mstari wa karibu meta 27, za miaka milioni 3.66 iliyopita. Wawili walitembea sambamba, na wa tatu alikanyaga ndani ya nyayo za mmoja wao. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao walipata nyayo nyingine, kama meta 150 kutoka zile za kwanza.

Ukiziangalia katika picha, utadhani ni za watoto waliotoka kisimani. Kisigino kimekanyaga kwanza, na kidole gumba kimelala pamoja na wenzake. Mguu wa sokwe hauko hivyo. Kidole gumba chake kimetengana na vingine ili ashike tawi. Lakini viumbe hao wa Laetoli ubongo wao ulikuwa bado mdogo, haukumzidi sana sokwe. Kumbe wahenga wetu walisimama kwanza, na ubongo mkubwa ulikuja baadaye sana.

KUSIMAMA KULIKUWA NA GHARAMA

Hapa ndipo habari hii inapoingia katika wodi ya wazazi. Ili mtu atembee wima, nyonga zilibidi zibadilike. Zikawa fupi na zenye umbo la bakuli, ili zibebe tumbo na kushikilia miguu. Baada ya miaka mingi ubongo nao ukakua, na kichwa cha mtoto kikawa kikubwa. Basi kichwa kikubwa kinapaswa kupita katika njia nyembamba iliyojipinda.

Sisi wakunga tunaijua safari hiyo vidole vyetu vikiwa gizani. Mlango wa juu wa nyonga ni mpana kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Mlango wa chini ni mpana kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo mtoto huingia akiwa ametazama upande, kisha hana budi kuzunguka. Kwa kawaida hutoka uso wake ukielekea mgongo wa mama, halafu huzunguka tena ili mabega yapite. Mifupa ya kichwa chake haijaungana, ndiyo maana unaona utosi ukidunda. Mama akijaribu kumvuta mwenyewe kwa mbele, aweza kumkunja shingo kinyumenyume. Wataalamu wengi wanaona kwamba kwa sababu hiyo, tangu zamani sana mwanamke alihitaji mwenzake wa kumpokelea mtoto. Ukunga basi si kazi iliyoletwa na hospitali. Una umri mkubwa kuliko kilimo na kuliko chuma.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu bado zipo nyumba ambamo mama akichelewa kujifungua huambiwa ataje wanaume aliotembea nao, ati mtoto amekwama kwa sababu ya uzinzi. Nilipokuwa muuguzi kijana nilimpokea mama aliyeletwa baada ya siku mbili za mahojiano ya namna hiyo. Yeye tulimwokoa. Mtoto hatukumwokoa. Alikuwa mama mwaminifu mwenye nyonga ndogo na mtoto mkubwa, basi. Hakuwa na lolote la kutaja.

Mama mpendwa, uchungu wa muda mrefu si ushahidi wa dhambi. Ni mzigo ambao wanawake wote tumeurithi kutoka kwa wale waliosimama wima. Uchungu ukizidi saa 12, mpelekeni mama hospitali. Msimwulize maswali.

MTOTO ASIYEWEZA KUSHIKA MANYOYA

Mtoto wa sokwe hung'ang'ania manyoya ya mama yake kwa mikono na miguu, na mama huendelea na shughuli zake mitini. Mtoto wetu hawezi. Mguu wake ni wa kutembea, si wa kushika, na mama yake hana manyoya. Kadhalika mtoto wetu huzaliwa ubongo wake haujafikia hata theluthi ya ukubwa utakaokuwa nao. Ubongo wa kichanga wetu unakaribia kulingana na ule wa sokwe mzima, lakini utaongezeka zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo hawezi kukaa, hawezi kushika shingo, hawezi lolote isipokuwa kunyonya na kulia.

Jaribu jambo hili kwa kichanga chochote. Mpe kidole kiganjani, atakishika kwa nguvu za kushangaza. Gusa wayo wake chini ya vidole, utaona vidole vya mguu vinajikunja kana kwamba vinataka kushika kitu. Sisi wauguzi hutazama mambo hayo ili kujua kama mishipa ya fahamu ni mizima. Wataalamu wengi huyaona kuwa mabaki ya zama ambazo mtoto alishika manyoya. Kadhalika kifandugu, mfupa ule mdogo unaouma mtu akianguka kwa makalio, ni mabaki ya mkia.

Basi nani ambebe huyu asiyeweza kushika? Mama peke yake? Akizaliwa mwingine je, na huyu wa kwanza bado hajaweza kujilisha?

BIBI WA YAEDA

Jibu la swali hilo, watu wa mbali walikuja kulitafuta huku kwetu. Katika miaka ya 1980 mtafiti Kristen Hawkes kutoka Marekani na wenzake walikaa na Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi. Hawakwenda kwao kwa sababu ni watu wa kale, maana ni watu wa leo kama mimi na wewe. Walikwenda kwa sababu jamii hiyo iliishi kwa chakula cha porini bila ghala wala zizi, na kwa hiyo iliwezekana kupima nani anatafuta kiasi gani na nani analishwa.

Waliwakuta bibi, wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa, wakichimba mizizi kwa mti uliochongwa saa nyingi kuliko wasichana na akina mama vijana. Wakapima watoto uzito. Wakaona kwamba mama akiwa na kichanga kipya, kuongezeka uzito kwa yule mtoto wake mkubwa kulifuatana na bidii ya bibi. Bibi akichimba sana, mjukuu ananenepa.

Kutokana na hayo wakatoa wazo kwamba hii ndiyo sababu mojawapo ya mwanamke kuishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi, jambo ambalo ni nadra sana kwa wanyama. Wako wataalamu wanaoendelea kujadili wazo hilo. Lakini kila mama aliyewahi kuacha mtoto kwa bibi yake ili aende shamba au zahanati anajua lina ukweli kiasi gani.

Nilimwambia binti yangu, "Unaona? Wale mliowacheka ndio waliowafundisha maprofesa maana ya bibi."

NA IMANI YETU JE?

Mimi ni muuguzi na mtumishi wa kujitolea kanisani, si mchungaji wala padre. Najua Wakristo hawana neno moja juu ya jambo hili, na wapo wanaolipokea Neno la kitabu cha Mwanzo kwa namna ya siku sita kamili. Siwadharau. Lakini yafaa tujue pia kwamba Papa Pius wa 12, mwaka 1950, aliruhusu wasomi wachunguze chimbuko la mwili wa binadamu, akishikilia kwamba roho hutoka kwa Mungu. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, mwezi Oktoba 1996, aliwaandikia wanasayansi kwamba elimu hii sasa ni zaidi ya dhana tu. Kumbe mtoto anaweza kusoma somo hili bila kuacha ubatizo wake mlangoni.

Kwangu mimi, Maandiko yananiambia ni nani aliyetufanya na kwa nini. Udongo wa Olduvai unaniambia habari za njia. Maandiko hayohayo yanasema mtu alitoka katika mavumbi. Ikiwa sikuona haya kutoka mavumbini, sioni haya kwamba safari ilikuwa ndefu. Ninachokiona haya ni kumcheka mwenzangu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu kama mimi.

TUFANYE NINI SISI WAZAZI?

1. Mtoto akiuliza swali gumu, usimgombeze. Kama hujui, mwambie utauliza, na kweli uulize.

2. Mwulize naye, "Swali hili limetoka wapi?" Mara nyingi nyuma ya swali la somo pana jambo linalomuumiza.

3. Tusitaje kabila lolote kwa dharau mbele ya watoto. Maneno waliyomwambia yule msichana hayakuandikwa kitabuni. Waliyasikia majumbani.

4. Pale mama anapojifungua, asiachwe peke yake, wala asihukumiwe.

5. Tuwaheshimu bibi wanaotulelea. Wasile mabaki.

Kesho yake jioni, nikiwa nimepata ruhusa ya mama mkwe, tulizungumza tena jikoni, sote watatu. Alisikiliza habari za nyani akiwa amenuna. Lakini nilipofika kwa bibi wa Yaeda akaweka mwiko chini akasema, "Yaani hao wazungu walitoka kwao mpaka huku kuambiwa kwamba bibi ana kazi? Wangeniuliza mimi." Tukacheka sana.

Binti yangu alirudi shuleni akiwa na neno la kuomba msamaha. Msichana yule naye alirudi, kwa sababu bibi yake ndiye aliyemsindikiza. Binti yangu ananiambia kwamba wiki ya kwanza hakumjibu kitu. Wiki ya pili alimwazima rula. Nimemwambia asimharakishe.

Tukutane mwezi ujao, ambapo tutarudi kwenye kuharisha kwa watoto wakati wa mvua.